Godoro la waja leo waondoka leo: namna ya kulijua kabla hujalipa

Kwetu Tanga tuna ule usemi wa "waja leo waondoka leo". Wageni huupenda sana. Mimi nimeishia kuutumia kwa magodoro, kwa kuwa miaka mitatu ya ujana wangu niliimalizia Ngamiani nikiuza magodoro dukani kwa ami yangu. Niliyaona yakitoka yameumuka kama maandazi, na mwaka haujesha yanarudi yamebonyea katikati kama dau. Mwenye nalo anakuja amefura, ami anamkaribisha kahawa, wanazungumza weee, na mwisho hakuna kinachobadilika. Kosa lilishafanyika siku ya kununua: mtu alinunua unene.

Nitaanza na sponji, maana ndiyo wengi wetu tunayolalia. Springi na sufi nitazigusa baadaye.

Kilichomo ndani ya sponji

Sponji ni povu lililokauka. Kiwandani wanachanganya kemikali mbili kubwa pamoja na maji kidogo, maji yale yanazalisha gesi ya kaboni dioksaidi, na mchanganyiko unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Unga ukiumuka sana unapata andazi kubwa lenye hewa tele na unga kidogo. Sponji ni hivyo hivyo. Kinachokubeba usiku ni zile kuta nyembamba zinazozunguka hewa. Kuta zikiwa chache na dhaifu, uzito wako, joto na jasho huzichosha, zinakatika na kulala, na unapata shimo mahali pa nyonga.

Kwa hiyo magodoro mawili yenye unene mmoja na kitambaa kimoja yanaweza kupishana karibu mara mbili kwa malighafi iliyomo. Kipimo chake ni densiti, yaani mita moja ya ujazo ya sponji ile ina kilo ngapi. Kwa ujumla sponji ya kilo 16 hadi 18 ni nyepesi, ya mgeni wa siku mbili au mtoto mdogo. Kuanzia 21 hadi 25 ni ya kati, mtu mzima wa kawaida analala. Ya 28 na kuendelea ni nzito, inafaa watu wenye miili na wanandoa wanaotaka godoro la miaka.

Densiti na ugumu ni vitu viwili tofauti. Hapa ndipo wateja wetu walipokuwa wakiteleza kila siku. Mtu anabonyeza kwa kiganja, anaona gumu, anasema "hili zito". Mtengenezaji anaweza kuifanya sponji nyepesi iwe ngumu kwa kubadilisha kemikali tu. Ugumu huo utaufurahia mwezi wa kwanza na wa pili. Vilevile kuna sponji nzito iliyo laini, na inadumu. Rangi nayo haina neno: bluu, njano, kijani ni rangi iliyotiwa ili kiwanda kitofautishe daraja zake. Na majina kama hevi dyuti, supa na hai densiti ni majina tu. Hevi dyuti ya kiwanda hiki inaweza kuwa ya kati kwa kiwanda kile.

Kabla hujatoka nyumbani

Pima kitanda kwa futikamba, ndani kwa ndani, pande zote mbili. Kitanda cha fundi wa mtaani kinaweza kuwa tano kwa sita kwa jina na kikapungua inchi moja kwa mbao. Tano kwa sita kamili ni sentimita 152 kwa 183. Godoro likibana linajikunja pembeni na kuanza kuchakaa kabla ya wakati.

Kisha inamisha kichwa uangalie chaga. Pengo kati ya chaga na chaga lisizidi upana wa vidole vinne. Kama chaga ni nne tu kitanda kizima, godoro lolote litazama kwenye mapengo, nawe utamlaumu muuzaji bure. Ongeza chaga kwanza, ni pesa ndogo.

Halafu jiulize nani atalala. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 95 hawanunui godoro moja. Wakilala pamoja, nunua kwa ajili ya mzito. Mtoto mchanga anahitaji godoro gumu na tambarare. Laini linaweza kumziba pumzi akigeuka kifudifudi.

Wenye mgongo nao wana habari yao. Miaka mingi watu wameambiwa "lalia gumu, mgongo utapona". Mwaka 2003 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Waliolalia magodoro ya ugumu wa kati walipata nafuu kuliko waliolalia magumu. Neno "othopediki" lililodariziwa kwenye kitambaa halijaandikwa na daktari.

Dukani: mizani kwanza

Mwaka juzi jirani yangu wa Makorora, mama wa makamo, aliniita: "Mwanangu, hebu nisindikize nikamtafutie mkwe wangu godoro." Nikachukua mizani yangu ya mkononi, ile ndogo yenye ndoano ya kupimia mabegi, na kamba ya katani.

Kijana wa dukani alitupokea vizuri. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo mama, karibu. Hili hapa tano kwa sita, inchi nane, hevi dyuti yenyewe."

Nilipotoa mizani akacheka. "Kaka, godoro halipimwi kama papa."

Mama akamjibu bila hata kumtazama: "Papa ntamla leo akaisha, mwanangu. Hili watalilalia."

Tukalifunga kamba, tukatia ndoano, mizani tukaitundika kwenye mti, kijana akashika upande mmoja wa mti, mimi wa pili. Inchi nane: kilo kumi. Pembeni palikuwa na la kiwanda kingine, tano kwa sita vilevile, inchi sita, la bei ya juu kidogo. Kilo kumi na moja na nusu. Yaani lile jembamba lilikuwa na sponji nyingi kuliko lile nene. Kijana mwenyewe alinyamaza, akaomba tupime tena.

Hesabu yake ni hii. Zidisha upana kwa urefu kwa futi, zidisha na unene kwa inchi, gawanya kwa 12: umepata futi za ujazo. Gawanya kwa 35, umepata mita za ujazo. Chukua uzito, toa kilo moja ya kitambaa na zipu (moja na nusu kama kitambaa kimeshonewa tabaka la sponji), kisha gawanya kwa zile mita za ujazo. Jibu ni densiti.

Asiyependa hesabu anakili uzito huu wa sponji tupu, bila kitambaa. Namba ya kwanza ni densiti ya 16, ya pili 20, ya tatu 25, ya nne 30:

3 kwa 6, inchi 6: kilo 4.1, 5.1, 6.4, 7.6
4 kwa 6, inchi 6: kilo 5.4, 6.8, 8.5, 10.2
5 kwa 6, inchi 6: kilo 6.8, 8.5, 10.6, 12.7
5 kwa 6, inchi 8: kilo 9.1, 11.3, 14.2, 17
6 kwa 6, inchi 8: kilo 10.9, 13.6, 17, 20.4
6 kwa 6, inchi 10: kilo 13.6, 17, 21.2, 25.5

Kama huna mizani ya ndoano, ile ya kupimia uzito wa mwili inatosha. Panda wewe peke yako, kisha panda umebeba godoro, toa. Duka likikataa lisipimwe, nenda la pili. Ngamiani maduka hayaishi.

Uzito nao una mitego miwili. Kuna sponji inayotiwa unga wa chokaa ili ipate kilo bila kupata nguvu. Sugua ukingo wake kwa kidole gumba kwa nguvu: ikitoa vumbi jeupe au ikimeguka kama keki ya jana, achana nayo. Halafu kuna godoro la vipande, masalia ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, utayaona yana madoa ya rangi nyingi. Hilo ni zito sana na gumu, na wala si baya kwa anayetaka gumu kwa bei ndogo. Ila usililinganishe kwa kilo na sponji nzima. Ubaya unakuja linapofichwa katikati, juu na chini pamewekwa sponji safi ya inchi moja, nawe umeuziwa kwa jina la sponji nzima.

Fungua zipu

Godoro likiwa na zipu, ifungue yote mpaka kwenye kona, uangalie ubavu wa sponji. Unataka bonge moja, au tabaka zilizopangwa kwa makusudi na kuambiwa hivyo. Mstari wa gundi unaokata upana katikati una maana magodoro mawili madogo yameungwa yakawa moja. Usiku utaujua ule mstari, ni mgumu kuliko penginepo, na ndipo linapoanza kuachia. Matundu ya povu yawe madogo na yanayolingana. Ukiona mashimo makubwa ya kuingia ncha ya kidole, povu halikuumuka sawasawa.

Lisilo na zipu, omba uone kipande cha mfano, au bonyeza kona kwa vidole vinne kutoka pande zote mbili uone kama katikati kuna kitu kinachobadilika.

Nusa. Godoro jipya lina harufu ya kiwandani, siku chache penye upepo inaisha. Harufu ya uvundo ni habari nyingine: limekaa stoo yenye unyevu. Na lile linaloning'inizwa barazani juani kila siku ili wapita njia walione, usilichukue hata kwa punguzo. Mwanga wa jua unaila sponji, inakuwa njano na ngozi yake inaanza kumung'unyika.

Lalia

Huku watu wanaona haya. Wallahi, ami yangu aliuza mamia ya magodoro na nadhani waliolala juu yake kabla ya kulipa hawafiki kumi. Mama anabonyeza kwa kidole, baba anapiga kofi mara mbili, wanatoa pesa. Vaa nguo ya heshima, tandika kanga yako, ulale dakika kumi. Chali kwanza, kisha ubavu.

Lakini kwanza litolewe kwenye mlundo. Hii tulikuwa tukiifanya kila siku, wala sioni fahari kuisema: tunapanga magodoro kumi, mteja anakalia la juu kabisa, anaona raha ya ajabu. Ile raha ni ya magodoro yote kumi. Mwambie muuzaji aliweke sakafuni au juu ya kitanda cha chaga kilichopo dukani.

Likiwa chini, piga goti katikati ya godoro na uache uzito wako wote. Goti likihisi sakafu, ujue nyonga yako nayo itaihisi. Kaa ukingoni kama mtu anayevaa viatu. Ukiteleza kwenda chini, ukingo ni dhaifu. Zamisha ngumi kwa hesabu ya thelathini uitoe ghafla. Sponji nzuri inarudi pale pale. Ikiacha kidimbwi kinachopanda polepole, labda ni ile sponji ya kumbukumbu, inayotengenezwa irudi taratibu, na hapo lebo ya godoro iseme hivyo. Kama si hiyo, ni uchovu.

Kwa pwani yetu nenda mchana. Sponji hulainika penye joto na unyevu. Asubuhi ya kusi, upepo unavuma na hewa ni baridi, godoro linaonekana imara; Januari, kaskazi, chumba kikiwa kama tanuri, lile lile linalegea. Ile sponji ya kumbukumbu ndiyo inayobadilika zaidi, na pia inashika joto la mwili. Kwa mtu wa Tanga asiye na kiyoyozi mimi siishauri.

Kitambaa kiwe cha kupumua. Vuta kwa vidole gumba viwili kwenye mshono: matundu ya sindano yakipanuka, uzi utaachia mapema. Zipu ya kuzunguka pande tatu ni bora, kitambaa kinavuliwa na kufuliwa.

Springi, sufi na la mtu mwingine

La springi sikatazi. Kuna zilizofungamana kwa waya, mwenzio akigeuka nawe unaamka, na kuna zile ambazo kila springi ina kijimfuko chake, zimetulia zaidi na ghali zaidi. Bonyeza huku umetega sikio. Kwa anayekaa Raskazone au Sahare karibu na maji, kumbuka hewa ya chumvi inavyokula mabati, na waya nao ni chuma.

Sufi wengi wameisahau, nami naisikitikia. Msufi huku kwetu tunao, na sufi haipendi maji. Ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea baharini. Inapumua vizuri. Taabu yake inajikunyata, kila baada ya miaka kadhaa lifumuliwe, sufi ichambuliwe upya na kuanikwa. Ukinunua, omba fundi afungue pembe moja uone kama ni sufi tupu au imechanganywa na matambara. Na inashika moto haraka. Sponji nayo ikiungua hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo wale wa kufukiza udi, chetezo kisiingizwe chini ya kitanda.

La mtumba, hasa lililotoka nyumba ya wageni: kagua mishono yote kwa tochi. Vidoa vyeusi kama vya kalamu ni kinyesi cha kunguni. Ukiviona, usilisogeze hata kwenye kirikuu.

Bei

Gawanya bei kwa kilo za sponji. Tuseme lile la inchi nane linauzwa 150,000 na lina kilo 9 za sponji: kilo moja ni kama 16,700. La inchi sita ni 165,000 na lina kilo 10.5: kilo ni kama 15,700. La "ghali" ndilo rahisi. Ukianza kuuliza hivyo hata kupunguziwa kunakuwa kwepesi, maana muuzaji ameshajua unachokijua.

Tazama alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na jina la kiwanda lililoshonewa, kisha linganisha herufi moja moja. Majina ya viwanda vikubwa huigwa kwa kubadilisha herufi. Likiwa la kuigwa, mahali pa kulipeleka ni Tume ya Ushindani. Likiwa fupi kuliko ulivyoambiwa, ni Wakala wa Vipimo. Kote huko watakuuliza risiti, kwa hiyo dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye ukubwa na unene ulioandikwa, si neno "godoro" peke yake. Wakikupa dhamana ya miaka kadhaa, uliza swali moja: shimo la kina gani ndilo mnalolikubali? Jibu liandikwe nyuma ya risiti.

Safari na siku za kwanza

Bajaji watalikunja na kulikaza kamba. Kwa safari ya nusu saa si neno. Usiliache limefungwa hivyo mpaka kesho. Ukifika, livue nailoni. Najua wengi wanaiacha "lisichafuke", lakini kwa jasho la huku nailoni inafuga unyevu, na unyevu unaleta ukungu. Kama kuna mtoto kikojozi, weka mpira juu ya godoro na shuka juu yake, na asubuhi uuondoe upate hewa. Kuliweka sakafuni moja kwa moja wakati wa masika ni kulizika. Ukitaka kulianika, lianike kivulini penye upepo, likiwa na kitambaa chake. Kila miezi mitatu geuza kichwa kiende miguuni.

Siku hiyo hiyo chukua kalamu ya wino mzito, uandike tarehe ubavuni chini ya kitambaa, na urefu wa kimo chake ulivyopima katikati. Baada ya miezi sita, asubuhi kabla ya kutandika, vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo uwe umekaza, ushushe rula pale mnapolala, usome kati ya uzi na godoro. Piga picha rula ikiwa pale pale, uende nayo dukani pamoja na risiti.